Kushusha Gari si Kukata Springi

Kuna maneno mawili yanayosemwa juu ya magari yaliyoshushwa, na yote mawili yananikera. La kwanza husemwa na vijana: kwamba gari likilala chini ndipo linaposhika barabara, na kadiri linavyolala ndivyo linavyoshika. La pili husemwa na wazee wenzangu, ambao kila wakiona gari limeinama hutikisa kichwa na kusema huo ni uhuni mtupu, gari liendeshwe kama lilivyotoka kiwandani. Nimekaa na makundi haya mawili vijiweni, misibani na katika foleni ya pantoni la Kigamboni, na nimesikia kila upande ukijipigia makofi. Katika kurasa hizi nataka kugombana na pande zote mbili. Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na kundi la tatu, ambalo halisemi sana: wale mafundi wanaochukua grenda, wakakata mizunguko miwili ya springi, wakapokea fedha na kumwambia mteja, "Tayari bosi, limekaa."

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa gari lililoshushwa. Lile pengo kati ya tairi na bodi ambalo kiwanda huliacha kwa sababu zake, likipunguzwa kidogo, gari huonekana limetulia kama mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti. Anayesema uzuri wa gari ni upuuzi ajiulize kwa nini alipaka nyumba yake rangi. Ninachozungumzia hapa ni gari la kila siku, gari moja tu lililopo nyumbani. Linaamshwa saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, linashusha watoto shuleni, linakwenda kazini, Jumamosi linabeba saruji mifuko minne, na usiku wa manane, Mungu aepushe, linabeba mgonjwa. Mwenye gari la pili la kuoneshea Jumapili na afanye apendavyo. Mwenye moja hana ruhusa hiyo.

Basi tuanze na springi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo uongo unapozaliwa. Watu wengi hudhani springi ni kama fimbo, ukiikata inakuwa fupi na basi. Sivyo. Springi ya gari ni waya mnene wa chuma uliosokotwa, na kazi yake hufanywa na mizunguko yote kwa pamoja, kila mzunguko ukijipinda kidogo. Ukipunguza mizunguko, iliyobaki hulazimika kujipinda zaidi kwa shimo lilelile, na springi nzima inakuwa ngumu. Hesabu yake ni nyepesi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja na nusu, inabaki na 4 na nusu. Gawanya 6 kwa 4 na nusu, utapata ugumu umeongezeka kwa theluthi moja. Fundi hakukuambia hivyo. Alikuambia ameishusha tu.

Na si ugumu peke yake. Springi nyingi za magari yetu zina ncha iliyotengenezwa kwa umbo maalumu ili ikae ndani ya kikombe chake bila kucheza. Ukiikata ncha hiyo, springi inakaa kwa kuegemea, kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Gari likiruka tuta na tairi likaning'inia hewani kwa nukta moja, springi fupi hulegea kabisa kikombeni, na ikirudi huweza isirudi mahali pake. Wapo wasiotumia grenda bali gesi: wanaichoma springi hadi iwe nyekundu nayo inajikalia yenyewe. Hao ni wabaya kuliko wa kwanza. Chuma cha springi kimepata sifa yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu wa kiwandani. Ukikichoma kienyeji unakiondolea ile tabia ya kurudi kilikotoka. Unabaki na waya.

Huko Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, jambo hili halikuachiwa vijiwe. Katika ukaguzi wao wa lazima gari halipiti likiwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, na springi inayolegea kikombeni gari likinyanyuliwa nayo haipiti. Ujerumani ukibadilisha springi sharti uwe na karatasi za kuonesha kwamba springi hizo zilipimwa kwa ajili ya gari la aina hiyo. Hawa ni watu wanaopenda magari yaliyoshushwa kuliko sisi. Ndiyo maana wakaweka masharti.

Mpwa wangu ana Subaru Impreza, ya zile zilizokuwa na shokapu za mtindo wa nguzo mbele na nyuma. Alilinunua kwa jasho lake na analipenda, na mimi nilifurahi naye. Baada ya miezi michache akalipeleka kwenye gereji moja, sitaitaja, akarudi nalo limelala. Ukisimama kando yake hupitishi vidole viwili kati ya tairi na bodi. Akaniambia, "Shikamoo mjomba, umelionaje?" Nikaitikia marahaba, na nikamwambia ukweli kwamba kwa macho limependeza. Kisha nikainama, nikabonyeza pembe ya mbele kwa mikono miwili na uzito wangu wote, na gari halikushuka. Liligota palepale. Zile raba za kugotea zilizomo ndani ya shokapu, ambazo kazi yake ni kupokea kishindo cha mwisho cha shimo kubwa, sasa ndizo zilizokuwa zimebeba gari likiwa limesimama.

Hebu msomaji lifikirie hilo. Gari dogo la kawaida lina nafasi ya kama sentimita 8 ya tairi kupanda juu kabla ya kugota. Ukilishusha kwa sentimita 5 bila kubadilisha kitu kingine chochote, umebakiwa na 3. Pandisha watu watano na mizigo, zile 3 nazo zimekwisha. Tangu hapo huendeshi gari lenye springi. Unaendesha mkokoteni wenye redio nzuri.

Mama yake mpwa wangu, yaani dada yangu, ana maradhi ya pingili za mgongo, na kliniki yake ni kila baada ya wiki mbili. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimpeleka, na kwa kweli moja ya sababu alizotupa za kununua gari ilikuwa hiyo. Baada ya safari ya pili katika gari lililoshushwa dada yangu hakusema neno. Safari ya tatu ilipofika aliamka mapema, akavaa, akatoka nje na kupanda bajaji. Mtoto akabaki na ufunguo mkononi. Nilipomuuliza dada yangu alinijibu kwa upole kwamba hapendi kumsumbua kijana asubuhi. Bajaji ya magurudumu matatu, yenye turubai ubavuni, ilikuwa inampa nafuu kuliko Impreza.

Hapa kuna elimu ya siku nyingi ambayo mafundi wetu hawakuambiwa, au waliambiwa wakaipuuza. Katika miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors huko Marekani, alichunguza kwa makini ni kwa kasi gani gari lipande na kushuka ili abiria asichoke. Aligundua kwamba springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma, ili sehemu ya nyuma, ambayo hukutana na tuta baadaye, iiwahi ya mbele na gari lisibaki likiinama na kuinuka kama mtu anayesinzia kanisani. Magari ya kawaida hadi leo hutengenezwa yapande na kushuka mara moja hadi mara moja na nusu kwa sekunde. Mwili wa binadamu aliyekaa huumizwa zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa sababu matumbo na uti wa mgongo navyo huanza kucheza ngoma hiyohiyo. Gari lililokaa juu ya raba za kugotea linausogeza mwili wako kuelekea huko. Dada yangu hakusoma Olley. Mgongo wake ulimwambia.

Na fundi aliyekata springi za mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, "mbili mbili", ameuvunja mpango huo wa mbele na nyuma bila kujua kwamba ulikuwepo.

Sasa nirudi kwa vijana na neno lao la kushika barabara. Wana haki kidogo, nami nitawapa haki yao. Gari likishuka, kitovu cha uzito wake hushuka pia, na kwenye kona uzito unaohamia matairi ya nje hupungua. Lakini unapungua kiasi gani? Kitovu hicho katika gari dogo kipo kama sentimita 55 kutoka ardhini. Ukishusha gari kwa sentimita 3 umepata faida ya asilimia 5 na ushei. Si haba, lakini nimewaona wanaotafuta asilimia hiyo 5 wakiwa na matairi yaliyokwisha meno, na siku ya mvua tairi kipara linakunyang'anya mara nyingi zaidi ya hapo.

Tena kuna jambo ambalo ukiwaeleza hawaamini. Mtindo wa shokapu ya nguzo ulibuniwa na Mmarekani Earle MacPherson, na Ford ya Uingereza ikauonesha katika magari yake ya Consul na Zephyr mwaka 1950. Leo magari mengi madogo yanautumia mbele. Katika mtindo huo, tairi hushikwa chini na mkono unaolala karibu usawa wa ardhi. Ukishusha gari kupita kiasi, mkono huo unaelekea juu badala ya kulala, na ile nukta ambayo bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka. Maana yake, kama springi hazikuwa ngumu za kutosha, gari lililoshushwa sana hutaka kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla hujaligusa. Zaidi ya hapo, tairodi na mkono wa chini haviendi tena katika njia moja, hivyo kila shimo linageuza matairi kidogo bila wewe kugeuza usukani. Dereva anasema gari lina "hasira". Halina hasira. Limetenguka viungo.

Ukiwauliza mfano wao ni nani, watakutajia Colin McRae na Impreza ya buluu. Nafurahi wakimtaja. Mwaka 1997 McRae alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza, na aliyeona picha za gari lile anajua lilikuwa limenyanyuliwa juu, na bomba la kuvutia hewa limepandishwa hadi kando ya kioo ili injini isinywe maji ya mito. Mwaka huohuo, miezi miwili baadaye, McRae alishinda mashindano ya Corsica kwa Impreza, na safari hiyo gari lilikuwa limelala chini, kwa kuwa barabara za kisiwa kile ni za lami. Dereva yuleyule, gari la aina ileile, mwaka uleule. Timu ilitazama barabara kwanza ndipo ikachagua springi. Vijana wetu wamechukua gari la Corsica wakaja nalo kwenye njia za Safari, tena wanasema wanamuenzi. Na kabla yake Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari mara tatu, 1965 kwa Volvo na 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na hakuna aliyewahi kumshauri apunguze urefu.

Hata mabingwa wa kushusha magari duniani, Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa huko California, hawakuwa wajinga kiasi hicho. Sheria ya jimbo lao iliyoanza mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya bodi kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akafunga katika Corvette yake mitambo ya mafuta ya kusukuma, ili alilaze gari akitaka kuoneshea na alinyanyue akimwona polisi. Baba wa mtindo wenyewe alitaka gari linaloweza kunyanyuka! Sisi tumechukua kulala tu.

Wazee wenzangu msicheke mkadhani nimemaliza. Mnaosema gari liachwe kama lilivyotoka kiwandani, nusu yenu mmeweka spesa. Mnanunua gari dogo la Kijapani, wiki ya kwanza mnalipeleka likawekewe vipande vya raba, vya nailoni, au, nimeona kwa macho yangu, vya mbao, juu ya springi ili lipande. Mnaita hilo "kuliandaa gari kwa barabara zetu". Mkono wa chini unaoelekea chini kupita kiasi una matatizo yake kama unaoelekea juu, na ekseli za mbele zinazozunguka zikiwa zimepinda hula mpira na gololi zake. Kijana amekata sentimita 5, wewe umeongeza 5, nyote mmekwenda kwa fundi yuleyule, na nyote hamkumuuliza shokapu itafanyaje. Tofauti yenu ni kwamba yeye anaitwa mhuni.

Shokapu ndiyo neno ambalo halitajwi katika mabishano haya yote, nalo ndilo lenye mambo. Springi hubeba, haijui kutulia. Ukiibonyeza itarudi, itapita, itarudi tena. Anayeituliza ni shokapu, kwa kulazimisha mafuta yapite katika vitundu vidogo. Vitundu hivyo vilipimwa kwa springi ya kiwandani. Ukifunga springi ngumu kwa theluthi nzima na kuiacha shokapu ileile, tena yenye kilometa laki moja, umempa mtoto wa miaka kumi ng'ombe dume amshike kamba. Ndipo unapoona gari likipita tuta na kuendelea kudunda hadi nguzo ya tatu ya umeme. Tairi linalodunda halipo ardhini muda wote, na tairi lisilokuwepo ardhini halifungi breki wala halikati kona. Halafu watu wanasema limeshushwa lishike barabara.

Shokapu za Impreza ya mpwa wangu zilianza kuvuja mafuta kabla ya mwaka kwisha. Siku moja, kwenye tuta la karibu na shule, springi ya nyuma kushoto ikachomoka kikombeni na kuegemea tairi. Alikuwa katika mwendo wa mtu anayetembea, alhamdulilahi. Alipoirudisha gari kule gerejini aliambiwa tatizo ni tuta.

Nizungumze basi juu ya matuta, kwa sababu hapa vijana hupata watetezi wengi. Ni kweli matuta yetu hayana kipimo kimoja. Jingine ni pana na laini, jingine ni kama kaburi limekatiza njia, jingine halina rangi wala alama na unalijua kwa kichwa kugonga paa. Nimeyalaani kama wewe. Lakini mengi ya matuta ambayo hayakuwekwa na mhandisi yaliwekwa na wananchi wenyewe kwa majembe, siku chache baada ya mazishi. Muulize mtu wa mtaani kwa nini tuta lile lipo pale, na mara nyingi utatajiwa mtoto. Sasa tazama gari lililolala linavyolipita. Linasimama kabisa, linakata usukani, linapanda kwa pembe, tairi moja moja, na kwa kufanya hivyo linaingia upande wa wanaokuja au linapanda ukingo wanakopita wanafunzi. Kile kilichowekwa kuwalinda waenda kwa miguu kinamsukuma dereva kwenda kwenye njia yao. Kwenye mteremko wa kuingia pantoni ni vilevile: magari thelathini yanasubiri mmoja apime pembe yake, makarani wa kivuko wanapiga filimbi, na bampa linakwaruza chuma mpaka meno yanakufa ganzi. Haya si mambo ya hiari ya mtu na gari lake tena. Mgongo wa abiria, zamu ya wenzake, ukingo wa watoto, vyote amevikopa bila kuomba.

Na mvua za masika sizitaji kwa urefu. Aliyewahi kuvuka Jangwani maji yakiwa yamejaa anajua kwamba gari likishuka, mdomo wa injini unaovuta hewa umeshuka pamoja nalo.

Wapo watakaoniuliza: basi wewe unataka nini? Nataka mtu anayetumia gari lake kila siku, akitaka kulishusha, alishushe kwa sentimita 2 na nusu au 3, asizidi. Anunue springi zilizotengenezwa kwa gari la aina hiyo, mwaka huo, injini hiyo. Watengenezaji wapo tangu zamani, Eibach wa Ujerumani na Tein wa Japani wakiwamo, na springi zao nyingi za magari ya barabarani hugumishwa kwa kiasi, nyingine mizunguko yake ikisongana upande mmoja ili iwe laini kwenye vishimo vidogo na ngumu kwenye vikubwa. Anunue shokapu mpya zinazokubaliana na springi hizo, siku hiyohiyo, si "mwezi ujao nikipata". Akikosa fedha za shokapu, hana fedha za springi, asubiri. Raba za kugotea ziwe fupi kulingana na kipimo kipya, wala zisitupwe. Bushi na boli jointi zilizokwisha zibadilishwe gari likiwa bado limefunguliwa. Kisha alaimenti, na taa za mbele zipimwe upya, kwa kuwa gari likibadilika urefu, hasa likiwa limeshuka upande mmoja zaidi ya mwingine, taa nazo hubadilika mahali zinapopiga.

Watu hupenda kuniuliza juu ya koilova, zile shokapu zenye nati ya kupandishia na kushushia. Ni kitu kizuri mkononi mwa anayejua. Nyingi za zile za bei nafuu zinazouzwa zina springi ngumu kupita haja, na nyuzi za nati zikishaliwa na vumbi na chumvi ya pwani hazizunguki tena, hivyo umelipia kupandisha na kushusha ukabaki na kushusha. Tena ukimpa kijana nati ya kushushia gari, ataizungusha. Kwa gari la kila siku nasema springi na shokapu, zikafungwa na kusahauliwa.

Kuna fundi mmoja tuliyebishana vikali juu ya mambo haya, mtu mzima, hodari wa injini. Aliniambia, "Mzee, wateja wangu hawana hela ya hayo unayosema. Nikiwakatalia wanakwenda kwa jirani." Nilimjibu kwamba daktari naye ana jirani. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika kidogo, maana yeye hupata posho yake kwa siku na mimi nilikuwa naongea nikiwa nimeshiba. Lakini hoja yake siipokei. Mteja asiye na fedha za springi haumizwi na gari lenye urefu wa kiwandani. Hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu pengo la tairi lake lilikuwa kubwa. Umaskini unaweza kueleza kwa nini mtu anafunga shokapu za mtumba. Hauelezi kwa nini analipa, hata kama ni kidogo, ili kitu kizima kiharibiwe.

Mpwa wangu alitafuta springi za kiwandani za mtumba, akafunga shokapu mpya nne, akaendesha hivyo karibu mwaka mzima akiwa amenuna. Kisha akajinunulia seti ya kushusha sentimita 2 na nusu. Tulikwenda pamoja kusimamia kazi, nikiwa na futi yangu, tukapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, kabla na baada. Mbele lilishuka 2.4, nyuma 2.6. Mama yake amepanda mara kadhaa na hajataja bajaji, ingawa naye si mtu wa kusema. Zile rimu za inchi 18 alizokuwa amezifunga na matairi yake yenye ubavu mwembamba kama kaki ziko stoo kwangu. Anasema hataziuza, na kila akija hupitia kuzitazama. Tunabishana juu yake hadi leo.